Seti ya kushusha Chevrolet C10: chuma kizuri, sanduku pungufu

Ukiagiza seti ya kushusha ya "nne na nusu kwa sita" kwa ajili ya pikapu ya Chevrolet C10 ya 1973 hadi 1987, sanduku linalofika ni zito na linapendeza: stabu mbili mpya za magurudumu ya mbele (vyuma vinavyobeba magurudumu hayo), springi mbili fupi, viti viwili vya ekseli ya nyuma, yubolti nne (bolti zenye umbo la U) na bamba zake, mfuko wa nati. Viwanda kadhaa huuza mpangilio huu na tofauti zao ni ndogo. Mbele gari linashuka inchi 4.5, nyuma inchi 6, kwa sababu pikapu hizi zilitoka kiwandani zimeinua kiuno zikingoja mzigo.

Hukumu ianze kabisa. Upande wa mbele wa seti hii ni kazi nzuri na hauna mpinzani wa maana kwa gari la barabarani. Upande wa nyuma ni nusu ya kazi. Nusu nyingine utaitafuta mwenyewe, na hiyo ndiyo inayoamua kama gari litatembea au litagongagonga kama mkokoteni.

Kabla hujalipa, hakikisha gari lako ni C kweli (linalosukumwa na magurudumu ya nyuma tu) na si K (la magurudumu manne). K10 ina ekseli ya mbele ya kuvuta inayokalia springi za majani, na hakuna hata kipande kimoja cha mbele cha seti hii kitakachoingia. C10 za 1963 hadi 1972 nazo, zile za Chevrolet, nyingi zina springi za mviringo hata nyuma, kwa hiyo viti vya ekseli vitabaki mapambo ya gereji. Halafu pima unene wa diski za breki za mbele. Kuna zilizotoka na diski ya inchi 1 (milimita 25.4) na zilizotoka na ya inchi 1.25 (milimita 31.75). Stabu hutengenezwa kwa unene mmojawapo, maana sehemu inayoshika kalipa (kibano cha breki) ni mwili mmoja na stabu yenyewe. Wauzaji wengi hutuma za diski nene bila kuuliza. Mwenye diski nyembamba akizipokea, ama azirudishe, ama anunue diski na kalipa za kulingana nazo. Pima kwa venia, na kumbuka diski iliyolika hupungukiwa milimita moja au zaidi, kwa hiyo 30.5 bado ni diski nene.

Stabu hizi zina akili gani? Pini inayobeba beringi na habu imepandishwa inchi 2.5 kwenye mwili wa stabu. Gurudumu linapanda, au tuseme gari linashuka, lakini amu za juu na chini (mikono inayounganisha stabu na chesisi) zinabaki kwenye pembe zake za kiwandani na springi haijaguswa. Safari ya springi, yaani nafasi ya gurudumu kupanda linapokutana na shimo, inabaki yote. Inchi 2 zilizosalia zinatoka kwenye springi fupi, na hizo ndizo zinazokula safari. Maana yake, kwenye inchi 4.5 za mbele unalipia inchi 2 tu. Anayekata springi za zamani kwa inchi zote 4.5 analipia zote, tena kwa riba: ugumu wa springi hupanda kadiri mizunguko inayofanya kazi inavyopungua, na ukitoa mzunguko mmoja kati ya minane, springi inakuwa ngumu zaidi kwa karibu asilimia 14. Anayekata kwa mtungi wa gesi anaharibu na ukakamavu wa chuma. Springi iliyopashwa moto hulala, na hulala zaidi upande uliochomwa.

Ubora wa stabu zenyewe hutofautiana kutoka sanduku hadi sanduku, kwa hiyo zikague mezani, usisubiri ziwe zimefungwa. Vidole vinatosha kwa kazi hii. Ingiza beringi ya ndani kwenye pini: inapaswa kuteleza hadi mwisho kwa kusukumwa na mkono. Ikidai nyundo, kuna ukingo wa chuma ulioachwa na drili kwenye tundu la kotapini (pini ya kuzuia nati isifunguke), au rangi imemwagika pasipotakiwa. Kisha chungulia matundu ya koni yanayopokea boljointi (viungo vya mviringo vya amu) na tairodi (fimbo za usukani). Stabu nyingi hupakwa rangi ya unga ya kuokwa, na rangi hiyo huingia mpaka ndani ya koni. Ng'arisha yote kwa msasa laini hadi uone chuma kitupu. Koni hushika kwa chuma kukaa juu ya chuma. Ukiacha rangi katikati, itasagika ndani ya wiki chache, nati italegea, na utasikia mlio wa "tok" kila unapogeuza usukani gari limesimama. Wengi hubadilisha boljointi mpya bila sababu, kumbe ni rangi.

Kufungua mbele kuna hatari moja ambayo haina mzaha: springi. Imebanwa kati ya amu ya chini na chesisi kwa nguvu ya kuvunja mguu. Chesisi ikae kwenye stendi imara, jeki ya magurudumu iwe chini ya amu ya chini, na mnyororo upitishwe ndani ya springi na kufungwa kwenye amu. Toa kalipa uitundike kwa waya, isining'inie kwa mpira wake wa breki. Toa shokabu. Legeza nati za boljointi mizunguko michache bila kuzitoa, kisha piga ubavu wa stabu kwa nyundo pale koni ilipo mpaka ishtuke na kuachia. Uma wa kutenganisha nao hufanya kazi, ila hupasua mipira ya vumbi. Koni zote mbili zikishaachia, banisha amu kwa jeki, toa nati, halafu shusha jeki polepole hadi springi ilegee yenyewe. Usiweke uso wala goti mbele yake wakati huo wote.

Kurudisha ni kinyume chake, pamoja na mambo mawili ambayo karatasi ya seti huyataja kwa mstari mmoja tu. Bolti za bushi za amu, kama bushi ni za mpira, zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ukizikaza amu ikining'inia, mpira unabaki umesokoteka maisha yake yote. Gari halikai kimo linachopaswa na bushi zinapasuka mapema. Na beringi za magurudumu: kaza nati hadi Nm 16 huku ukizungusha diski kwa mkono, ilegeze kabisa, ikaze tena kwa vidole, kisha rudi nyuma kidogo hadi tundu la kotapini lionekane. Mchezo unaoruhusiwa ni milimita 0.03 hadi 0.13. Weka kotapini mpya.

Jambo la mwisho mbele ni rimu. Pini ikipanda, boljointi ya chini na kichwa cha tairodi vinakuwa chini zaidi ndani ya rimu. Rimu za inchi 14 zisahau. Za inchi 15 hupita, lakini zungusha gurudumu kwa mkono usukani ukiwa katikati, kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho, na uangalie kama imebaki nafasi ya milimita 3 au zaidi kila mahali. Risasi za balansi zinazobandikwa ndani ya rimu ndizo hugusa kwanza. Angalia pia mpira wa breki usivutike wala kusugua tairi usukani ukiwa mwishoni.

Sasa nyuma. Kwenye C10 hizi, ekseli hukaa chini ya springi za majani. Seti inaihamisha juu yake, na ndiyo maana inchi 6 zinapatikana kwa mpigo. Kuna watu hununua bloku wakidhani zitashusha. Bloku kati ya springi na ekseli iliyo chini yake itainua gari. Bloku ni za pikapu ambazo ekseli tayari iko juu ya springi, kama Toyota Hilux nyingi zisizo na uvutaji wa magurudumu manne za miaka ya 1980.

Zipulizie bolti za shakeli (viungo vinavyoshika ncha za nyuma za springi) mafuta ya kupenyeza usiku wa kuamkia kazi. Hata hivyo, jiandae kukata moja au mbili, kwa sababu hushikana na chuma cha ndani ya bushi na kuanza kuzunguka pamoja nacho. Toa propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma), shokabu na kebo ya breki ya mkono, na uachie mpira wa breki pale unaposhikwa kwenye chesisi. Bana difu (boksi la giya katikati ya ekseli) kwa jeki, toa yubolti, fungua shakeli za nyuma pande zote mbili, na ncha za springi zitashuka. Inua ekseli, rudisha springi chini yake, funga shakeli tena. Yubolti za zamani zitupwe. Zilikwishavutika, na nyuzi zake hazitashika mara ya pili.

Kabla hujaweka kiti kipya, tazama senta bolti inayoshika majani ya springi. Kichwa chake cha duara kilikuwa kinaangalia chini, kimeingia kwenye kiti cha zamani. Sasa ekseli iko juu, na juu kuna nati. Kama tundu la kiti kipya limetobolewa kwa kipimo cha kichwa, nati haitaingia: kiti kitakaa kimeinama juu ya nati na yubolti zitalegea. Bana majani kwa klampu mbili, toa bolti, igeuze kichwa kiwe juu. Ni kazi ya dakika kumi kila upande, na wanaoiruka huishia na ekseli iliyokaa kombo, gari linatembea upande kama kaa.

Pembe ya pinioni, yaani shafti fupi inayoingia kwenye difu, ndiyo inayotenganisha gari tulivu na gari linalotetema. Weka uzito wote kwenye magurudumu, pima kwa kipima nyuzi pembe ya shafti inayotoka kwenye giaboksi, kisha pima ya pinioni. Mistari miwili hiyo iwe sambamba, halafu pua ya pinioni ishushwe nyuzi 1 hadi 2, kwa kuwa majani ya springi hujikunja ukikanyaga mafuta na kuinyanyua. Pembe ya kila krosi (kiungo cha kupinda) ya propela isizidi nyuzi 3 hivi. Viti vya kubana husahihishwa kwa kabari za chuma. Viti vya kuchomelea vishikizwe kwa nukta kwanza, upime tena gari likiwa chini, ndipo uchomelee kabisa: sentimita 2 au 3 upande huu, kisha upande ule, na kupumzika katikati. Bomba la ekseli lililochomelewa mfululizo hupinda, na sili za mwisho huanza kuvuja mafuta kwenye breki. Chomoa waya hasi wa betri kabla ya kuwasha mashine. Propela nayo, ukiirudisha, isiingie kwenye giaboksi hadi ikagota. Iache milimita 25 za kusogea. Pikapu za bodi ndefu zina propela ya vipande viwili, na beringi yake ya katikati huenda ikahitaji kushushwa au kupandishwa kwa washa ili krosi zikae sawa.

Hapa ndipo sanduku linapoanza kukosa vitu. Ekseli ikishapanda inchi 6 kuelekea chesisi, bomba lake na reli ya chesisi vinakuwa majirani wa karibu mno. Dawa ni kukata reli juu ya ekseli na kuifunga kipande cha chuma chenye umbo la C, unene wa milimita 6 hivi. Katika matoleo ya chini ya seti hii kipande hicho huuzwa kando, na maelezo ya bidhaa hukiita cha hiari. Si cha hiari. Gari la inchi 6 bila kata hiyo linatambulika ukilala chini yake: kwenye reli, juu kidogo ya ekseli, kuna alama ya mwezi mchanga inayong'aa, rangi imekwisha kabisa. Ni bomba la ekseli linagonga chuma kwa chuma, na kila pigo linapita kwenye viti, yubolti na mgongo wa dereva.

Kukata ni rahisi kuliko kunavyotisha, ila kuna utaratibu. Ondoa bodi ya nyuma. Anayekata kwa kulala chini hukata vibaya. Sogeza bomba la breki linalopita kwenye reli pamoja na nyaya za taa. Kumbuka kwamba tangi la mafuta la gari hili liko nje ya reli, na mengine yana mawili, moja kila upande. Cheche za grinda huruka mbali, kwa hiyo toa tangi au lifunike na kuliziba vizuri. Chora umbo kwa kutumia kipande chenyewe, toboa pembe za mkato kwanza ili ziwe za mviringo, kisha kata kwa grinda. Pembe kali ndizo ufa huanzia. Kata upande mmoja, ufunge kipande kwa bolti za daraja la 8, ndipo uhamie upande wa pili. Usikate reli zote mbili kwa pamoja gari likiwa hewani. Chuma kitupu kipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunga.

Kazi ikiisha, gari likiwa chini, tunataka kuona angalau milimita 75 kati ya bomba la ekseli na kilele cha kata, na mpira mfupi wa kugongea wa milimita 25 ndani ya nafasi hiyo. Zinabaki milimita 50 za kweli. Hizo zinatosha barabara ya lami na mtu mmoja na begi. Kwa mifuko ya saruji hazitoshi, na mwenye kubebea mizigo asidanganywe na picha: springi ni zile zile, lakini safari imekwisha kabla springi haijafanya kazi yake.

Bomba la moshi linalopita juu ya ekseli litagongwa. Likatishwe kabla ya ekseli na litokee ubavuni nyuma ya mlango. Shokabu za zamani hugota kabla ya mpira wa kugongea, na shokabu inayogota hupasuka ndani ya wiki kadhaa. Hizi nazo mara nyingi hazimo sandukuni. Nunua fupi kwa kufuata urefu ulioupima wewe mwenyewe kati ya bolti mbili gari likiwa limesimama.

Tairi ni mahali watu hujishusha mara ya pili bila kujua. Tairi ya 235/75R15 ina kipenyo cha milimita 734 hivi. Ukiibadilisha kwa 235/60R15, kipenyo ni 663. Chesisi inashuka milimita 35 nyingine, karibu inchi 1.4, ambazo hazikutoka kwenye seti wala hazikupangwa. Spidomita nayo itasoma 110 wakati unakwenda 100, mpaka ubadilishe giya yake ndogo kwenye giaboksi. Nyuma, 275/60R15 ina milimita 711 na hujaza matao vizuri zaidi. Kwa rimu, tundu za bolti ni tano kwenye duara la kipenyo cha inchi 5.

Kuna hesabu moja ndogo ambayo karibu kila mtu huisahau. Nyuma imeshuka inchi 1.5 zaidi ya mbele. Kwenye bodi fupi, yenye inchi 117.5 kutoka ekseli hadi ekseli, hiyo ni nyuzi 0.7 za pua kuinuka. Taa za mbele sasa zinapiga sentimita 13 juu zaidi kwa kila mita 10, moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Zirekebishe siku hiyo hiyo. Kwa upande wa faida, mwinuko huo huo unaongeza kasta (mlalo wa kurudi nyuma wa mhimili wa usukani) kwa nyuzi hizo 0.7, na usukani unarudi katikati kwa hiari zaidi.

Alaimenti isifanywe siku ya kwanza. Springi mpya hulala kidogo. Tembea kilomita mia kadhaa kwanza, ukiwa umeweka tou (magurudumu kuelekea ndani au nje yakitazamwa kutoka juu) kwa utepe wa kupimia ili tairi zisilike. Kisha omba kemba (mwinamo wa gurudumu ndani au nje likitazamwa kutoka mbele) kati ya 0 na hasi nyuzi 0.5, kasta chanya 3 hadi 4, na tou ya ndani ya milimita 1.5 hadi 3 kwa jumla. Marekebisho ya kemba na kasta yanafanyika kwa shimu (vipande vyembamba vya chuma) zilizo nyuma ya mhimili wa amu ya juu. Ikiwa shimu zote zimetolewa na magurudumu bado yameinamia ndani, usikubali kuambiwa "ndivyo zilivyo gari zilizoshushwa". Unahitaji mhimili wa juu wenye matundu yaliyosogezwa, nao pia haumo sandukuni.

Wenye Hilux na ndugu zake walioshusha kwa bloku waangalie kitu kimoja ambacho C10 haiwasumbui nacho: vali ya breki ya nyuma yenye mkono uliounganishwa na ekseli. Gari likishuka, mkono huo unadhani umebebeshwa tani, unaongeza breki nyuma, na magurudumu yanafunga kwenye mvua. Urekebishwe urefu wake.

Kwa C10, kaza yubolti upya baada ya kilomita 100 na tena baada ya 500, kwa mtindo wa msalaba. Siku hiyo hiyo ya 100 funga utepe mwembamba wa plastiki kwenye fimbo ya kila shokabu, ukikaza kiasi cha kuteleza tu. Kwenye 500 angalia uliposukumwa. Ukiwa umebakiza milimita 10 au zaidi kabla ya kugota, acha gari lilivyo. Ukiwa umegota, inua nyuma inchi moja au ongeza kina cha kata.